Tarakimu Mbili Zikipishana: Somo la Nambari 123,456,789

Masomo yetu mengi huwa ya PIN, matapeli na ada za kutuma. Leo tunafanya hesabu kidogo. Usikimbie, ni ya kujumlisha tu, na pesa zinazozungumziwa ni zako.

Chukua hali hii. Ni tarehe tano ya mwezi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, pale Nchiru, anataka kulipa kodi ya chumba, shilingi 4,500. Mwenye nyumba amemtajia nambari kwa mdomo, bodaboda zinapiga honi kwenye barabara ya Meru kwenda Maua, na yeye anaandika haraka haraka. Nambari aliyotajiwa ni 0123 456 789. Anayoiandika ni 0123 546 789. Tarakimu ni zile zile kumi, ila 4 na 5 zimepishana. Je, simu itakataa? Haikatai. Kama kuna mtu mwenye hiyo nambari ya pili na laini yake inapokea pesa, basi mtu huyo ndiye atakayepokea kodi. (Nambari hizi tumezitunga kwa ajili ya somo. Tafadhali usizipigie wala usizitumie pesa.)

Jioni ya siku hiyo hiyo, wakala mwenye duka karibu na lango la chuo anafunga hesabu. Kwenye daftari lake, jumla ya pesa zilizotolewa na wateja ni shilingi 61,350. Simu inasema 64,050. Kuna tofauti ya 2,700. Huyu naye, mahali fulani katika ile mistari tisini aliyoandika tangu asubuhi, tarakimu mbili zimepishana. Lakini yeye anaweza kulinasa kosa lake kabla chai haijapoa, tena bila kikokotoo.

Kosa ni lile lile. Kwa nini kwa mwanafunzi linajificha na kwa wakala linajianika? Jibu limo ndani ya nambari tuliyoitumia kwa mfano, ukiondoa sifuri ya mbele: 123,456,789.

Chama cha watu tisa

Tuseme kuna chama cha watu tisa, na kila pesa inayoingia wanaigawana sawasawa. Noti ya shilingi 1,000 ikiingia, kila mmoja anapata 111, na inabaki shilingi 1. Noti ya 100 ikiingia, kila mmoja anapata 11, na inabaki shilingi 1. Sarafu ya kumi nayo, kila mmoja anapata 1 na inabaki 1. Umeona hapo? Iwe elfu, iwe mia, iwe kumi, hata iwe milioni, baki ni shilingi moja tu.

Sasa waletee shilingi 4,750. Elfu nne zinabakisha 4, mia saba zinabakisha 7, makumi matano yanabakisha 5. Jumla ya baki ni 16. Hizo 16 bado wanaweza kuzigawana: kila mmoja 1, na inabaki 7. Kwa hiyo 4,750 ukiigawa kwa tisa inabaki 7, na wewe hukugawa chochote, umejumlisha tarakimu tu: 4 na 7 na 5 na 0 ni 16, halafu 1 na 6 ni 7.

Hii ndiyo siri yote ya tisa. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita waliitumia kukagua hesabu zao, na wahasibu wa zamani, kabla vikokotoo havijaja, waliijua kama wanavyojua majina yao.

Lakini iangalie kwa makini. Baki inatokana na tarakimu zenyewe, haijali zimekaa wapi. Walete wale watu tisa 7,450 badala ya 4,750 uone: 7 na 4 na 5 ni 16, baki 7. Ni ile ile. Kwa macho ya tisa, 4,750 na 7,450 ni mapacha. Tabia hii moja ndiyo inayomsaidia wakala na ndiyo inayomwacha mwanafunzi bila msaada.

Nambari yenyewe

Turudi kwa 123,456,789, milioni mia moja ishirini na tatu na ushee. Jumlisha tarakimu zake: 1 na 2 na 3 mpaka 9, unapata 45. Na 4 na 5 ni 9. Kwa hiyo nambari hii yote kubwa inagawanyika kwa tisa bila kubakisha hata senti. Ukiigawa unapata 13,717,421, na hiyo nayo ni 3,607 mara 3,803. Hapo ndipo mwisho, kwa sababu 3,607 na 3,803 ni nambari tasa, yaani hazigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa 1 na zenyewe.

Ukitaka kuzipanga tarakimu 1 hadi 9 kwa kila mpangilio unaowezekana, utapata nambari 362,880 tofauti. Ungedhani kati ya hizo zote itapatikana japo moja ambayo ni tasa. Hakuna hata moja! Jumla ya tarakimu ni 45 kila wakati, kwa hiyo kila moja kati ya hizo 362,880 inagawanyika kwa tisa. Zichanganye upendavyo, tisa hutaikwepa.

(Na kwa wale wanaopenda maajabu: zidisha 123,456,789 kwa 8, kisha ongeza 9. Utapata 987,654,321, nambari ile ile ikiwa imepinduliwa kichwa chini. Wape watoto wajaribu kwa kalamu na karatasi, watashinda nayo mchana mzima.)

Mwanafunzi wetu alipoandika 546 badala ya 456, alihama kutoka moja ya hizo 362,880 akaingia nyingine. Hata kama kungekuwa na mtu anayekagua nambari za simu kwa kujumlisha tarakimu, asingeona lolote. Jumla ingekuwa 45 kabla ya kosa na 45 baada ya kosa.

Tisa kwenye daftari la wakala

Wakala yeye ana kitu ambacho mwanafunzi hana: ana kiasi mbili za kulinganisha, ya daftari na ya simu. Kama 4,750 na 7,450 zina baki sawa, basi ukitoa moja kwa nyingine baki zinauana, na tofauti inagawanyika kwa tisa barabara. Tofauti yake ni 2,700. Jumlisha: 2 na 7 ni 9. Inagawanyika! Hapo hapo anajua pa kuanzia kushuku.

Na kuna zaidi. Gawa 2,700 kwa 9, unapata 300. Hiyo 300 inamwambia mambo mawili: tarakimu zilizopishana zinatofautiana kwa 3, na zimekaa kwenye nafasi ya mia na ya elfu. Kwa nini? Tarakimu ikipanda kutoka mia kwenda elfu, kila moja ndani yake inaongezeka kwa 900, maana mia imekuwa elfu. Ile 7 iliyopanda imeongeza 900 mara saba, yaani 6,300. Ile 4 iliyoshuka imepunguza 900 mara nne, yaani 3,600. Tofauti ni 900 mara tatu, 2,700. Kama tarakimu zingepishana kati ya kumi na mia, hatua ingekuwa 90 badala ya 900. Kati ya moja na kumi, hatua ni 9. Na kama zimerukana, moja kwenye elfu na nyingine kwenye kumi, basi ukigawa kwa tisa utaona 110, 220, 330 na kuendelea.

Kwa hiyo wakala hapitii mistari tisini yote. Anatafuta ile tu ambayo tarakimu ya elfu na ya mia zinatofautiana kwa 3. Tena, kwa kuwa daftari ndilo lililopungua, anajua tarakimu ndogo ndiyo iliyotangulia: 1,400 na kitu, 2,500 na kitu, 3,600 na kitu, 4,700 na kitu, 5,800, 6,900, au hata 300 na kitu ambayo labda ilikuwa 3,000 na kitu. Mistari ya namna hiyo mara nyingi haizidi mitano au sita. Analinganisha na ujumbe wa simu, na 4,750 inajitokeza.

Hapa sasa ndipo penye uzito. Kuna mambo mawili tofauti yanayoweza kuwa yametokea. La kwanza, kijana wa dukani alimpa mteja 7,450 sawasawa na simu, ila kalamu ikateleza. Pesa hazijapotea; daftari ndilo lenye makosa, na ukihesabu noti kwenye droo utaona zinatosha. La pili, mteja alitoa 7,450 kwenye simu, kijana akasoma vibaya akamhesabia 4,750 taslimu. Hapo droo yenyewe imezidi 2,700 za mteja, lakini angalau sasa unajua ni mteja gani wa kumpigia, na saa ngapi alikuja. Tumesikia mara nyingi vijana wa maduka wakikatwa mshahara kwa upungufu ambao haukuwa wizi na haukuwa hata upungufu, ulikuwa mwandiko. Mwenye duka, kabla hujamkata mtu, gawa kwa tisa kwanza.

Kosa lingine ambalo tisa hulinasa ni sifuri iliyoanguka. Ulitakiwa kuandika 12,500 ukaandika 1,250. Tofauti ni 11,250. Ukiigawa kwa 9 unapata 1,250 kamili, yaani ile ile nambari iliyoandikwa vibaya. Kwa hiyo ukigawa tofauti kwa tisa na jibu si tarakimu moja yenye sifuri nyuma, litafute jibu lenyewe kwenye daftari. Ukilikuta, karibu kila mara umempata mkosaji.

Na kama tofauti haigawanyiki kwa tisa? Basi ujue si tarakimu mbili zilizopishana peke yake. Jaribu nusu yake: tofauti ya 3,000 yaweza kuwa ni 1,500 iliyoandikwa upande wa kuweka badala ya upande wa kutoa, ikahesabiwa vibaya mara mbili. Au kuna mstari mzima uliosahaulika. Hapo tafuta ujumbe wa kiasi kile kile cha tofauti.

Tusitie chumvi lakini. Tofauti yoyote ile, hata ya wizi, ina nafasi moja kati ya tisa ya kugawanyika kwa tisa kwa bahati tu. Mtu akichukua shilingi 900 kwenye droo, tisa haitapiga kelele. Hesabu hii inakuonyesha pa kutazama kwanza. Haimtakasi mtu na haimhukumu mtu.

Nambari ya simu haina mlinzi

Sasa tumrudie mwanafunzi. Nambari ya simu ya Kenya, ukiondoa 07 au 01 ya mbele, ina tarakimu nane. Tuhesabu majirani zake, yaani nambari zinazopatikana kwa kosa moja dogo la kidole. Kila moja ya tarakimu nane yaweza kuandikwa vibaya kwa njia 9, kwa hiyo nambari 72. Tarakimu mbili zilizo jirani zaweza kupishana katika sehemu 7. Jumla, kuizunguka 0123 456 789 kuna majirani 79. Kila mmoja ana umbo la nambari halali kabisa. Hakuna kitu ndani ya nambari yenyewe cha kusema "mimi siye."

Kwani hawangeweka tarakimu moja ya ukaguzi? Wangeweza, ila bei yake ni kubwa. Nambari zinazoanza na 07 ni milioni 100 kwa jumla, toka nane sifuri mpaka nane tisa. Ukisema tarakimu ya mwisho iwe ya kukagua zile nyingine, haiko huru tena. Inabanwa na zilizotangulia, na zile milioni 100 zinabaki milioni 10. Kenya ilipohesabu watu mwaka 2019 ilipata 47,564,296, na wengi wetu tuna laini zaidi ya moja. Mwaka huo huo ndipo nambari za 01 zilipoanza kutolewa, kwa sababu za 07 zilikuwa zinaelekea kwisha. Nambari za simu zilibuniwa ili kupiga simu, na ukikosea kupiga simu unasema pole na kukata. Pesa zilikuja baadaye, Machi 2007, zikapanda gari ambalo halikuwa na mkanda wa usalama.

Kadi ya benki ni tofauti. Jaribu kuandika nambari ya kadi na kukosea tarakimu moja: tovuti inaikataa papo hapo, hata kabla ya kuuliza benki. Hiyo ni kazi ya Hans Peter Luhn, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani. Aliomba hataza ya njia yake mwaka 1954, akaipata 1960. Luhn alijua udhaifu wa kujumlisha tarakimu tupu, ule ule tuliouona: haioni kupishana. Akafanya jambo rahisi sana. Alizipa nafasi uzito tofauti, moja uzito wa kawaida, inayofuata uzito mara mbili, hivyo hivyo kwa zamu.

Tujaribu na 123456789. Anzia kulia. Tarakimu ya kwanza kutoka kulia unaizidisha kwa mbili, ya pili unaiacha, ya tatu unaizidisha, mpaka mwisho. Ukizidisha ukapata nambari ya tarakimu mbili, zijumlishe. Twende:

9 mara mbili ni 18, yaani 1 na 8, ni 9.
8 inabaki 8.
7 mara mbili ni 14, ni 5.
6 inabaki 6.
5 mara mbili ni 10, ni 1.
4 inabaki 4.
3 mara mbili ni 6.
2 inabaki 2.
1 mara mbili ni 2.

Jumla ni 43. Ili kufika 50, inayogawanyika kwa kumi, tunahitaji 7. Hiyo 7 ndiyo tarakimu ya ukaguzi, na nambari kamili inakuwa 1234567897.

Sasa fanya kosa la mwanafunzi, pisha 4 na 5. Ile 4 imekaa kwenye kiti cha kuzidishwa, inakuwa 8. Ile 5 imekaa kwenye kiti cha kawaida, inabaki 5. Mwanzo zote mbili zilichangia 5 kwa jumla (1 na 4), sasa zinachangia 13. Jumla inaruka kutoka 43 hadi 51, na tarakimu ya ukaguzi ingepaswa kuwa 9, si 7. Mashine inakataa. Kosa limenaswa mlangoni.

Linganisha walinzi hawa wawili kwenye nambari yetu. Kujumlisha kwa tisa kungekamata makosa 71 kati ya yale 72 ya tarakimu moja (lingeponyoka moja tu, 9 ikiandikwa 0), lakini kwenye yale 7 ya kupishana lisingekamata hata moja. Njia ya Luhn inakamata yote 72 na yote 7. Ina tundu lake pia: 09 ikiandikwa 90 inapita bila kuonekana. Kwa tarakimu moja tu ya ziada, hiyo si mbaya hata kidogo.

Jaribu mwenyewe sasa hivi

Mfukoni mwako kuna nambari kubwa yenye mlinzi wa Luhn. Bonyeza *#06#. Utaona nambari ya IMEI ya simu yako, tarakimu 15, yaani mamia ya trilioni. Simu ya laini mbili itakuonyesha mbili. Iandike kwenye karatasi. Kutoka kushoto, zidisha kwa mbili tarakimu ya pili, ya nne, ya sita, mpaka ya kumi na nne. Zile zinazozidi tisa jumlisha tarakimu zake. Kisha jumlisha zote kumi na tano. Jibu linapaswa kuishia na sifuri. Lisipoishia na sifuri, kwanza rudia hesabu, maana wengi wetu hukosea mara ya kwanza.

Kazi yake ni nini? Ukiwa unanunua simu ya mkono wa pili sokoni, linganisha IMEI ya *#06# na ile iliyo kwenye boksi au nyuma ya betri. Zikitofautiana, weka pesa zako mfukoni. Na kama nambari iliyobandikwa haipiti mtihani wa Luhn, mtu ameitunga kichwani. Ikipita, usifurahi mapema: nambari iliyotungwa ovyo ina nafasi moja kati ya kumi ya kupita. Ombi letu moja: usitume picha ya IMEI yako kwenye makundi ya WhatsApp ili wenzako wakuhesabie, na usiandike nambari ya kadi yako ya benki kwenye tovuti yoyote inayosema itakukagulia. Kalamu na karatasi vinatosha.

Mlinzi wa nambari ya simu ni wewe

Kwa kuwa nambari ya simu haijilindi, huduma za pesa ziliweka ukaguzi mahali pengine: jina. Kabla ya kukubali kutuma, huduma nyingi hukuonyesha jina la mpokeaji. Soma jina lote, usisome la kwanza tu. Hapa Meru kina Kinoti, Mwenda na Kawira ni wengi, na kumwona "Kinoti" kwenye skrini si ushahidi kwamba ndiye Kinoti wa nyumba yako.

Njia ambayo sisi tunaipenda zaidi kwa nambari mpya na pesa nyingi ni hii: mpigie kwanza. Akipokea mtu unayemjua sauti, nambari ni yake, na sasa usiiandike tena. Ichukue kutoka kwenye orodha ya simu ulizopiga. Kidole kisipoandika, hakiwezi kukosea. Mwanafunzi wetu angefanya hivyo, kosa la 546 lingemgharimu salamu kwa mtu asiyemjua, basi.

Ukilazimika kuandika kutoka kwa mdomo wa mtu, msomee tena kwa mafungu ya tatu tatu, na anza na fungu la mwisho: "mia saba themanini na tisa, mia nne hamsini na sita." Kumsomea kwa mafungu ni bora kuliko tarakimu moja moja, kwa sababu 456 na 546 zikitamkwa kwa ukamilifu hazifanani hata kidogo, na sikio linashtuka.

Na kama zimeshaenda? Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja, ukiwa na ujumbe wa kuthibitisha mkononi, uombe muamala urudishwe. Dakika ni muhimu, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala kuzirudisha ni kazi nyingine. Usianze kwa kumpigia mpokeaji na kumtisha.

Kwa upande wa anayepokea pesa asizozitarajia, kuna mambo mawili. Kwanza angalia salio lako, si ujumbe, kwa sababu matapeli hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa kweli, kisha wanapiga wakilia wakisema wamekosea nambari. Salio likiwa halijaongezeka, hakuna pesa za kurudisha. Likiwa limeongezeka kweli, usizirudishe kwa nambari nyingine unayotajiwa kwenye simu. Waachie watoa huduma wazirudishe zilikotoka. Na usizitumie. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inahesabu kuwa ni kosa kuzuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyokufikia kimakosa.

Mawakala wa Nchiru na kwingineko, jioni ya leo daftari lisipoingiana na simu, anzeni na tofauti yenyewe. Jumlisheni tarakimu zake.